Nyumba Pekee Iliyosalia Mwambeni

Mlio karibu sogeeni, mlio mbali tegeni masikio. Hadithi ninayo mimi. Mwisho wake mtautoa nyinyi.

Katika kisiwa kidogo cha Mwambeni waliishi watu watatu. Vuai alikuwa mchimba visima, mtu aliyeweza kugusa udongo akakwambia maji yako pima ngapi chini. Mize alikuwa mkulima wa mwani, mikono yake myepesi kwenye kamba kuliko ya mwanamke yeyote kisiwani. Mwatima alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, mwenye sauti kali, aliyeijua mikoko mti kwa mti. Hawakuwa ndugu wala marafiki. Walisalimiana tu, kama watu wa kisiwa kidogo wanavyosalimiana.

Mwezi wa Aprili kikapiga kimbunga. Kilipotulia siku ya pili, nyumba zote zilikuwa chini isipokuwa moja, nyumba ya mawe ya Bi Rukia, juu kilimani. Kisima pekee cha kisiwa kilijaa maji ya chumvi. Kamba za mwani zilikatika zote zikaenda na bahari. Ikaja meli kuwachukua wanaotaka kuhamia bara, na nusu ya watu wakapanda.

Bi Rukia naye alipanda. Kabla ya kuondoka alimkabidhi Sheha Khatibu, kiongozi wa kisiwa, ufunguo.

"Mimi sirudi tena," alisema. "Nyumba hii apewe atakayekirudishia kisiwa uhai. Apewe mmoja. Msiigawe vyumba, nawajua, mtagombana mpaka iwaangukie."

"Na tusipompata?"

"Mpwa wangu atakuja kuchukua ufunguo, aiuze."

Waliobaki wakaishi chini ya maturubai, wakinywa maji ya madumu yaliyoletwa kwa boti. Boti ikaanza kuchelewa. Vijana wakataka kuleta pampu wakikaushe kisima, lakini Vuai akasimama ukingoni akawazuia.

"Mkivuta kwa nguvu mtaivuta bahari nzima," aliwaambia. "Maji matamu hukaa juu ya yale ya chumvi. Yanataka kuchotwa polepole."

Akashuka mwenyewe, akaziba kwa udongo ufa ulioelekea pwani, kisha akachota ndoo baada ya ndoo kwa miezi miwili. Siku moja jiwe lilimwangukia likamvunja mkono wa kulia. Hakukuwa na boti ya kumpeleka hospitali. Akaufunga kwa kanga, akaendelea kwa mkono wa kushoto. Alipopanda na ndoo ya kwanza ya maji matamu, watu walilia. Ila vidole vyake vya kulia havikunjiki tena mpaka leo, na mchimba visima asiyeweza kushika sururu ni nani?

Mize wakati huo alikuwa na mimba ya miezi sita. Kila bahari ilipokupwa alikwenda peke yake kwenye miamba, kutafuta mbegu ya mwani. Wiki ya tatu alikuta kishada kimekwama katika shimo la jiwe, kinajaa viganja viwili tu. Mumewe, Shaame, akafurahi.

"Twende nacho bara," alisema. "Huko wanatafuta mbegu. Tutaanza upya."

"Na wenzangu je?"

"Wenzako watajijua."

Mize akabaki. Shaame akaondoka na boti ya Jumatatu, na mtoto alizaliwa baba hayupo. Mwani ulipofikia kamba kumi, Mize aligawa tisa kwa wanawake wenzake akabakiza moja. Baada ya miezi mitano wanunuzi walirudi, na bati la kwanza jipya likaonekana Mwambeni.

Mwatima yeye hakupendwa na mtu. Watu walitaka nguzo za kujengea, na miti iliyosimama ilikuwa ule ukanda mmoja wa mikoko, kati ya ghuba na kisima. Wanaume walipofika na mapanga walimkuta amesimama ndani ya tope. Haji, mwanawe wa pekee, alikuwa miongoni mwao.

"Mama, wajukuu zako wanalala nje!"

"Wanalala nje kwa sababu ya upepo. Mkiikata hii, watalala majini."

"Toka, Mama. Usiniaibishe."

Hakutoka. Kila siku, asubuhi mpaka jioni, alilinda ile iliyosimama na kupanda miche kwenye mapengo. Wakamwita mchawi. Haji akachukua mke na watoto akahama, na tangu siku hiyo hapokei simu ya mama yake. Mwezi wa Disemba bahari ikachafuka tena. Wimbi likaja juu kama ukuta, likavunjikia mikokoni. Kisima kikasalimika. Tope la mashambani likashikwa na mizizi, mwani usizikwe.

Baada ya hapo waliohama wakaanza kurudi, familia moja moja. Ndipo Sheha alipoitisha mkutano.

"Bila maji, nani angebaki hapa wiki moja?" aliuliza Vuai.

"Maji yalikuwepo na watu bado walikuwa wanafunga mizigo," alisema Mize, mtoto mgongoni akikohoa. "Waliifungua walipoona mwani."

"Na Disemba?" Mwatima akadakia. "Vyote viwili vingekuwa wapi?"

Hakuna aliyesema uongo. Mikutano mitatu imefanyika, na kila mmoja umewaacha watu wabaya zaidi kuliko ulivyowakuta. Wanawake wa mwani hawachoti maji zamu moja na mke wa Vuai. Mtu ameandika maneno machafu kwenye turubai la Mwatima. Mize alijaribu kusema, "Basi apewe mmoja wao," lakini alimtazama mtoto, akaketi. Vuai ana watoto watano na mkono mmoja. Mwatima anasema akiwa na nyumba, labda Haji atawarudisha wajukuu.

Jana mpwa wa Bi Rukia alipiga simu: anakuja Ijumaa kuchukua ufunguo, mnunuzi ameshampata. Leo ni Jumatano. Masika imekaribia, mawingu yameshuka upande wa kusini, na maturubai yamechanika. Sheha hali, hakai. Anatembea kutoka mlangoni hadi dirishani, akisikia watu nje wanamwita ampe fulani, ampe fulani.

Nimewaeleza yote, sikuficha la yeyote. Msiniambie wagawane, maana mwenye nyumba alikataa. Msiniambie tungoje, maana mvua haingoji. Vuai, Mize au Mwatima: wewe ungekuwa Sheha, ungemwita nani? Na wale wawili waliobaki nje, ungewatazamaje machoni?