Mlinzi wa Chemchemi

Hapo wanyama walipokuwa na vikao vingi kuliko mvua, palikuwa na kilima chenye chemchemi moja. Bi Pimbi alisema kilima ni chao, maana mababu zake wamezikwa kwenye miamba ile. Bi Nungunungu naye alisema ni chao, maana wanawe wote wamezaliwa kwenye mashimo yale. Wote wawili walisema kweli, na hapo ndipo ugumu ulipoanzia.

Simba aliitisha kikao cha amani, akasifu manyoya yake mpaka jua likazama. Mwishowe Fisi akajitolea kulinda chemchemi. Asishuke mtu ila yeye, na kila upande angeupelekea kibuyu chake cha maji.

Ukame ulipokaza, kibuyu kikaanza kufika nusu, kisha kikafika na tone tu. Kitinda mimba wa Bi Pimbi alikuwa amelala mwambani, ulimi mkavu, hata kulia hawezi.

"Bwana Fisi, maji yanakwenda wapi?" Bi Pimbi aliuliza.

"Chemchemi inakauka, bibie. Wala usithubutu kushuka. Hujaona Nungunungu wanavyokupa mgongo na kutikisa miiba? Hao wameshaamua kukuua. Ngoja nikafanye doria."

Bi Pimbi alikuwa ameona migongo ile kwa macho yake. Akakiweka kibuyu chini.

Sungura alikuwa akipita. "Shangazi," akasema, "ukame gani huu unaomnenepesha mlinzi? Tena masharubu yake yanachuruzika. Kashuke ukaione hiyo doria."

Bi Pimbi alimtazama mwanawe, akashika kibuyu, akashuka.

Nyuma ya kichaka cha mwisho akakumbana na Bi Nungunungu, naye kibuyu mkononi. Sungura alikuwa amepita kwao pia. Bi Nungunungu akageuka, miiba ikalia. Bi Pimbi akatokwa na mluzi mkali.

Mluzi ule ukamwamsha Fisi. Alikuwa amejilaza ndani ya chemchemi iliyojaa pomoni, maji yakimfika shingoni. Akainuka, meno nje.

"Nani kawaruhusu?"

Bi Nungunungu akamgeuzia mgongo na yeye, miiba ikitetemeka vilevile. Bi Pimbi akaona.

"Jirani," akanong'ona, "kumbe ukigeuka hivyo unaogopa?"

"Sasa ningegeuka kwa raha gani? Wewe je, unaita jeshi lako?"

"Jeshi gani, mwenzangu? Nikiogopa mluzi unanitoka wenyewe."

"Lo! Fisi alituapia kuwa unaita jeshi."

"Msisikilizane!" Fisi akafoka, akamrukia Bi Pimbi. Bi Nungunungu akarudi nyuma hatua moja tu, akajiweka katikati. Fisi akaondoka mbio, pua imejaa miiba, akililia tabibu. Tangu siku hiyo hakuna aliyempa kazi ya ulinzi.

Mtoto wa Pimbi alipoletwa majini alikunywa mpaka akapaliwa. Wa Nungunungu akamcheka, naye akamrushia maji.

Nisiwadanganye: ugomvi wa kilima haujaisha. Mpaka leo wale mama wawili hukaa kando ya maji wakibishana mifupa na mashimo, mmoja akipiga mluzi, mwingine akigeuka. Ila sasa kila mmoja anajua mwenzake anaogopa, na hawamtumi tena mwenye kiu yake awafasirie.