Kinyonga na Shikamoo ya Nondo

Hapo zamani za kale, wanangu, ukungu ulipokuwa bado hauna haraka ya kuondoka milimani, katika kisiwa cha Bukini aliishi nondo mdogo aitwaye Soa. Nondo wa aina yake hawakupatikana nchi nyingine yoyote, maana watoto wao walikula majani ya mti mmoja tu, na mti huo uliota Bukini peke yake.

Siku hiyo Soa alikuwa na mayai tumboni, tena yamekomaa. Asipoyataga kwenye mti ule kabla jua halijazama, wanawe wangekufa njaa. Akaruka polepole ndani ya ukungu, puru... puru..., kama anayeota.

Lo! Kwenye tawi la chini la mti ule ule, Kinyonga Andria amejikalia, jicho moja mbele, la pili nyuma. Na ule ulimi wake mrefu haukuwa na mchezo.

Soa aliogopa sana. Lakini alijua jambo moja: mzee huyu alipenda kuamkiwa kuliko kula. Asiyemwamkia, alimnunia mwaka mzima.

"Shikamoo, babu!"

Kinyonga alikuwa ameshafungua kinywa. Akakifunga, gup! Ataurushaje ulimi kabla hajaitikia? Akajiambia, "Salamu zikiisha tu, namla."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Bibi hajambo?" Soa akataga yai chini ya jani, to!

"Hajambo."

"Na wajomba je?" To!

"Hawajambo wote."

"Shangazi yule wa bondeni, mguu wake?"

"Aa, unaendelea vizuri..."

Maswali yakaja taratibu, laini, moja baada ya jingine. Ukungu ukashuka, majani yakapotea. Kinyonga akawa wa kijani, akawa wa kijivu, akawa hana rangi kabisa. Jicho la mbele likafumba. La nyuma likafuata.

"Na... mifugo... haijambo?" Soa akanong'ona, akitaga la mwisho.

"Haija... khoroo!"

Soa akaruka zake, mwepesi, furaha imemjaa.

Kinyonga alipozinduka, ulimi ukatoka, fyaa! Ukanata kwenye gome tupu. Kunguru jirani akacheka mpaka akashika mbavu.

"Babu! Chakula kimekujulia hali, kimekubembeleza, kimeondoka!"

"Lakini," Kinyonga akanung'unika, "kilikuwa na adabu."

Basi wanangu, anayetaka kunyenyekewa kila saa, asishangae akilala na njaa.