Barua ya Kumhamisha Mkaanga Perege

Bwana Masunga alifungua Dodoma mgahawa wa vioo, uliouza mkate wa kupaka parachichi kwa bei ya jogoo mzima. Wiki haikuisha, akamvaa Bi Chausiku, mkaanga perege wa pale nje.

"Mama, kesho sikutaki hapa! Wateja wangu wakinusa perege wako, wanaacha sahani zangu wanakukimbilia wewe."

"Nitahama, bosi. Ila niandikie maneno hayohayo, ugonge na muhuri, mwenyekiti wa mtaa anitafutie pengine."

Msomi wetu Masunga akaandika, akagonga muhuri mara mbili.

Kulipokucha, Bi Chausiku aliibandika barua juu ya karai. Kila aliyeisoma alitaka kuonja, na kufikia adhuhuri foleni iliziba mlango wa mgahawa.

"Ibandue!" Masunga akafoka.

"Nikiibandua, bosi, nitahama kwa amri ipi?"

Masunga akaichana mwenyewe. Bi Chausiku akageuza perege wake.