Kanzu ya Ngwali Juu ya Dungu

Paukwa!
— Pakawa.
Mpunga?
— Una mwenyewe.
Na ndege je?
— Hana shamba, ana tumbo.

Haya, kaeni vizuri. Na wewe unayepiga miayo, piga tu. Ngano ya leo ni ya kwenu.

Zamani za kale, ndege walipokuwa wakisema na watu wakiwaelewa, palikuwa na bonde la mpunga. Kila shamba lilikuwa na dungu lake, kichanja cha miti kilichoinuka juu ya mpunga, na juu ya dungu alikaa mtu wa kuwinga ndege. Kazi hiyo msiidharau. Alfajiri ndege wanakuja, magharibi wanaondoka, na katikati yake ni kupiga kelele na kurusha kombeo, kupiga kelele na kurusha kombeo. Mtu huishiwa sauti. Mtu huishiwa moyo.

Kwa hiyo watu wa bonde lile walikuwa na ada yao. Aliyechoka alipaza sauti: "Nipokeeni!" Jirani wa dungu la pili alijibu: "Nimepokea!" Basi jirani aliyalinda mashamba yote mawili, na aliyechoka akashuka, akajinyoosha kivulini. Siku nyingine naye alimpokea mwenzake. Hakuna aliyemcheka mtu, maana kila mtu ana mgongo wake na anajua unavyouma.

Sasa, palikuwa na kijana jina lake Ngwali. Ngwali alikuwa ameoa juzijuzi tu. Alimwoa Mize, binti wa Bi Kazija. Bi Kazija alikuwa mjane, na chakula chake cha mwaka mzima kilitoka katika shamba lake moja la mpunga. Ngwali akajitolea mwenyewe.

"Mama, mwaka huu ndege niachie mimi."

Bi Kazija akafurahi. Mkwe wa namna hiyo, nani asimtake?

Lakini Ngwali alikuwa na ugonjwa mmoja. Alitaka aonekane hachoki.

Akapanda dunguni, akaimba bonde zima likasikia. Nanyi itikieni:

Swaa, ndege wee!
— Mpunga wa mama si wako wee!

Jirani yake wa dungu la pili, Pandu, akamwita. "Ngwali, nikupokee?"

"Mimi? Mimi sichoki."

Siku zikaenda. Sauti ikakauka, wimbo ukatoka nusu. Pandu akamwita tena. "Ngwali, nikupokee?"

"Mimi? Mimi sichoki."

Siku zikaenda. Wimbo ukakoma kabisa. Ngwali alikaa tu, kombeo mapajani, anawatazama ndege kama mtu anayetazama mvua. Pandu akamwita mara ya tatu. "Ngwali, ndugu yangu, nikupokee?"

"Nimekwambia sichoki!"

Pandu akageukia ndege wa shamba lake. Mtu akikataa kupokewa utamfanya nini?

Basi akaja chiriku mmoja mzee, akatua kwenye ngazi ya dungu. "Ngwali," akasema, "unajiua kwa nini? Sisi hatukuogopi wewe. Tunaogopa kofia yako."

Ngwali akaitundika kofia juu ya mti wa dungu, akashuka, akaingia migombani, akalala. Kutwa nzima ndege hawakugusa punje.

Siku ya pili chiriku akarudi. "Ngwali, kofia tumeizoea. Sasa tunaogopa kanzu."

Ngwali akavua kanzu, akaitundika chini ya kofia, akashuka, akalala. Kutwa nzima ndege hawakugusa punje.

Siku ya tatu chiriku akarudi. "Ngwali, kanzu tumeizoea. Chini yake tunaona miti, hatuoni mtu. Funga na shuka, hapo tutakimbia."

Ngwali akavua shuka, akaifunga chini ya kanzu, akakimbilia migombani kama alivyozaliwa.

Nawasikia mnacheka. Chekeni. Kisha mniambie nani kati yenu hajawahi kuiacha nguo yake kazini, mwenyewe hayupo.

Alipoanza kukoroma, chiriku mzee akawaita wenzake. Wakaja. Wakala. Bandu bandu huisha gogo, na mpunga ni mwororo kuliko gogo.

Adhuhuri ikafika, Bi Kazija akaja na chakula, kawa juu ya sahani. Adabu za kwetu mnazijua: mama na mkwewe wa kiume hawakazani macho. Bi Kazija aliinamisha uso, akajitanda kanga vizuri, akaweka sahani chini ya dungu. Akangoja shikamoo. Shikamoo haikuja.

"Baba," akasema, macho chini, "leo hata shikamoo haikutoka?"

Kanzu kimya.

"Siku hizi wimbo wako siusikii. Najua umechoka. Kazi hii nimeifanya kabla hujazaliwa, naijua ilivyo."

Kanzu kimya.

"Shuka ule, mwanangu, kisha ulale. Ndege nitawawinga mimi mpaka jua litue. Hakuna ubaya."

Kanzu kimya.

Ngwali, kule migombani, alikuwa ameamka. Aliyasikia yote. Maneno yale ndiyo aliyokuwa akiyatamani siku zote, na sasa yameletwa, na yeye hana hata uzi mwilini wa kutokea kuyapokea. Aibu ikampanda kutoka miguuni mpaka masikioni. Akauma jani la mgomba.

Bi Kazija akadhani amemuudhi mkwewe. Akaona haya, maskini, yeye asiye na kosa. Akageuka aondoke. Hapo ndipo akasikia chiriku wakitafuna juu ya kichwa chake, akasahau adabu, akainua macho. Akaona chiriku wamekaa mabegani mwa kanzu. Akaona ukosi hauna shingo.

"Uwii! Ngwali kaliwa! Imebaki kanzu tu!"

Bonde zima likaja mbio, Pandu mbele. Wanawake wakashika vichwa, wakalia. Mficha maradhi, kilio humfichua. Sauti ndogo ikatoka migombani.

"Msilie. Mimi mzima."

"Mzima?" Pandu akauliza. "Basi njoo."

"Siwezi."

"Umevunjika mguu?"

"Sikuvunjika."

"Sasa una nini?"

"Sina nguo."

Watu wakatazamana. Hakuna aliyecheka. Ngwali aliomba wacheke, maana kicheko kina mwisho. Bi Kazija akageuza mgongo, akavua kanga ya kujitanda, akairusha nyuma bila ya kutazama. Ngwali akajifunga kanga ya mama mkwe, akatoka mbele ya bonde zima, anahesabu vidole vyake vya miguu.

Chiriku mzee akaruka, tumbo mbele. "Ahsante, Ngwali," akasema. "Kanzu yako ni mlinzi mpole."

Mpunga uliosalia ulijaa pakacha moja. Ngwali akapanda dunguni kila siku kulinda mabua matupu, mpaka Pandu akamwonea huruma, akamshusha. Mwaka ule Bi Kazija alikula muhogo asubuhi na muhogo jioni.

Lakini palikuwa na ada nyingine: wali wa kwanza wa mpunga mpya ni wa mlinzi. Bi Kazija akalitwanga lile pakacha moja, akapika kwa nazi, akapakua sahani kubwa, akamtuma Mize aiweke mbele ya mumewe. Yeye akakaa nyuma ya mlango.

Ngwali akautazama ule wali. Mkono haukuinuka.

"Mama," akasema, "nilichoka. Nilichoka sana. Niliona haya kusema."

 Bi Kazija akajibu nyuma ya mlango, taratibu, bila hasira, na afadhali angekasirika.

"Kumbe ulikuwa unaweza kulisema neno hilo, mwanangu. Kula, wali unapoa."

Akala. Sahani ilikuwa kubwa, na haikufaa kubakisha.

Ngano yangu naitua hapa. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi. Na mwenye usingizi aseme sasa, hatumcheki.