Kichuguu Kilivyopata Mfalme

Paukwa!

— Pakawa!

Sogeeni karibu. Anayekaa mbali husikia nusu, na nusu ya hadithi ni uongo.

— Tumesogea! Na hadithi nzima je?

Hadithi nzima ni uongo pia, ila una mwanzo na mwisho.

— Haya, tupe mwanzo!

Zamani sana, kabla magoti hayajajua kupigwa, wanyama waliishi bila kujua nani yuko juu ya nani. Tembo alikuwa tembo, panya alikuwa panya, basi. Aliyefika kwanza mtoni alikunywa kwanza. Tembo akimkuta panya anakunywa, alisimama nyuma yake na mkonga wake umening'inia, akasubiri mpaka panya ajifute mdomo. Hakuna aliyeona ajabu.

Kisha ukaja mwaka wa jua. Mto ukakauka, mchanga ukabaki unameremeta kama magamba ya samaki. Likabaki bwawa moja tu chini ya mawe makubwa, na kando ya bwawa palikuwa na kichuguu kirefu chekundu. Ndani ya bwawa alikuwamo Kiboko.

Kusema alikuwamo ni kumpunguza. Alilijaza. Majani ya ukingoni aliyang'oa akiwa mle mle majini, usiku na mchana hatoki. Mnyama akisogea, Kiboko alifungua kinywa, haaaaa! Meno marefu kama michi ya kutwangia. Kisha alisema neno moja tu: "Langu!"

Pundamilia akaja. Haaaaa! "Langu!" Pundamilia akakimbia, tifu tifu tifu.

Nyani akaja. Haaaaa! "Langu!" Nyani akakimbia, lakini ncha ya mkia wake ikabaki.

Hata Tembo alikuja. Akayatazama yale meno, akakumbuka ana shughuli mahali pengine.

Sasa, juu ya yale mawe aliishi pimbi mmoja, mnyama mdogo mnene asiye na mkia, mama wa watoto watatu. Kitindamimba wake aliitwa Kijino, kwa hiyo wote walimwita Mama Kijino. Hakuwa msemaji. Wakati wengine walipolalamika bondeni, yeye kila alfajiri alilamba umande kwenye mawe, akawapa watoto wake kwa ulimi.

Asubuhi moja hapakuwa na umande. Kijino alifungua mdomo ili alie, na sauti haikutoka. Ulimi wake ulikuwa mkavu kama jani la mwaka jana.

Mama Kijino alimtazama. Kisha akashuka mawe, kwichi kwichi kwichi, mpaka ukingoni.

"Hodi," alisema.

Haaaaa! "Langu!"

"Nani anayesema?" aliuliza Mama Kijino, akitazama huku na huku.

"Ni mimi, kipofu wee! Kiboko!"

"Kiboko? Mimi naona pua mbili na masikio mawili. Nilidhani ni vyura wanne wamekaa pamoja."

"Vyura!" Maji yakatokota. "Vyura! Mimi ndiye mkubwa kuliko wote!"

"Inawezekana, bwana. Lakini nani amekuona?"

Kiboko akainuka.

Mama Kijino alikuwa na maneno mengine tayari mdomoni, lakini yalimpotea. Alikuwa hajawahi kumwona Kiboko mzima. Mgongo ulitoka, ukaendelea kutoka. Maji yalimporomoka ubavuni kama mvua ya masika ikishuka mlimani. Alipokanyaga nchi kavu, tii, tii, tii, kokoto zilirukaruka zenyewe. Kumbe yote hii ni mtu mmoja! Miguu yake midogo ikaanza kutetemeka, ikamkataa, akaanguka chini kwa magoti.

"Unafanya nini?" aliuliza Kiboko.

Mama Kijino aliona aibu kusema kwamba ameanguka.

"Nakupigia magoti."

"Ndiyo nini hiyo?"

"Ndivyo anavyosalimiwa mfalme."

"Na mfalme ni nini?"

Hilo hakulijua. Neno lilikuwa limetoka kinywani mwake sasa hivi, bado bichi. Alitazama bwawa, akatazama kichuguu.

"Mfalme ni yule anayekaa juu, wengine wote wakakaa chini."

"Akiwa huko juu, anafanya nini?"

"Hafanyi kitu. Anaonekana."

Kiboko alifikiri. Ilionekana kazi nzuri. Akapanda kichuguu, kru, kru, kru, akakaa kileleni, na kivuli chake kikafunika nusu ya bonde. Mama Kijino akajaza maji mashavuni, akakimbia kwa watoto wake. Kijino akanywa. Kijino akalia kwa sauti, na mama yake akacheka kwa furaha ya kusikia kilio.

Kisha akaenda kuwaita wengine. "Njooni mnywe. Mpige magoti kwanza, basi."

"Magoti ya nini, dada?" aliuliza Pundamilia.

"Wee piga tu. Ni bei rahisi."

Wakaja, wakapiga, wakanywa. Jioni ile ile walikuwa wameshatunga wimbo:

*Yuko juu, yuko juu!*
*Sisi chini, sisi chini!*
*Piga goti, kunywa maji,*
*usimtazame machoni!*

Siku ya pili jua likawaka. Kiboko alimwita Mama Kijino kwa sauti ndogo.

"Mama Kijino, nashuka nijiloweshe kidogo."

"Shuka, bwana. Ila mfalme hashuki. Akishuka anafanana na sisi."

"Kweli?"

"Kama huamini, shuka uone."

Kiboko akatazama chini. Swala walikuwa wameinamisha pembe. Pundamilia walikuwa wameinamisha shingo. Akabaki.

Saa sita akaita tena. "Mama Kijino, angalau niiname ninywe."

"Inama, bwana. Ila mfalme hainami. Mfalme huletewa."

"Kweli?"

"Kama huamini, inama uone."

Akabaki. Nyani, mwenye mkia mfupi, akajitolea kumpelekea maji kwa kata ya kibuyu. Kata moja, kinywa kama pango. Tone likapotelea humo.

Siku ya tatu ndipo lilipotokea jambo. Jua lilikuwa katikati ya mbingu, upepo umelala, hata nzige kimya. Ngozi ya Kiboko ilianza kumeremeta. Kitu kikachuruzika mgongoni mwake, kikashuka mabegani, tone, tone, tone, juu ya udongo wa kichuguu. Kilikuwa chekundu.



"Damu," alisema Bibi Kobe, ambaye ameishi miaka mingi kuliko wote na hajawahi kuona jambo kama hilo. "Anatokwa na damu kwa ajili yetu, naye halii."

Wote wakaanguka, pu! Mavumbi yakainuka bonde zima, yakasimama hewani kama ukuta wa dhahabu, na juu ya mavumbi yale Kiboko aling'aa mwekundu, mkubwa, peke yake. Mama Kijino naye alikuwa chini. Alijua ni jasho tu la mnyama wa maji aliyekaa juani. Alijua kwa hakika. Hata hivyo nywele za shingo yake zilisimama, na moyoni alisikia sauti ikisema: Ewe mama, umefanya nini?

Siku hiyo hakuna aliyethubutu kunywa bila ruhusa. Walisubiri. Kiboko alisinzia kwa joto, kichwa kikaanguka mbele.

"Ameitikia!" Nyani alipiga kelele. "Ametoa ruhusa! Jipangeni!"

Neno hilo la kujipanga nalo lilikuwa jipya. Nyani akawa wa kwanza, kwa sababu anashika kata. Wakafuata wanaoleta majani ya mfalme, halafu wanaoimba vizuri, kisha wenye pembe, kisha wenye kwato. Mama Kijino alipofika na watoto wake, Nyani alinyoosha mkono.

"Nyuma, mama. Nyuma kabisa."

"Bwana Nyani, watoto hawajanywa tangu jana."

"Kila mtu ana watoto. Nyie mna pembe? Mna kwato? Hata mkia hamna!"

"Wako mwenyewe umebaki nusu," alisema Mama Kijino. Kisha akajikaza. "Na mimi ndiye niliyempandisha pale juu."

Pundamilia akamvuta sikio. "Nyamaza, dada! Unataka atusikie? Mfalme hapandishwi na mtu. Alikuwa juu tangu zamani."

"Tangu juzi!"

"Hiyo juzi ndiyo zamani yenyewe."

Wakanywa wote. Ilipofika zamu ya pimbi, bwawa lilikuwa tope. Kijino alifungua mdomo, na kwa mara ya pili sauti haikutoka.

Mama Kijino alizunguka nyuma ya kichuguu, akabandika nyayo zake kwenye udongo, maana pimbi hupanda hata ukuta, kwichi kwichi kwichi, mpaka kwenye sikio la mfalme.

"Bwana."

"Mama Kijino!" Kiboko alinong'ona, na machozi yalikuwa yakimtoka. "Niondolee kitu hiki."

"Shuka basi."

"Naogopa."

"Wewe? Unamwogopa nani?"

"Wao. Hebu watazame."

Mama Kijino alichungulia kutoka nyuma ya sikio lake. Kwa mara ya kwanza aliona kile anachokiona mfalme. Bonde zima lilikuwa migongo. Migongo ya milia, migongo ya madoa, migongo mikubwa kama majabali, yote imeinama upande mmoja kama majani yaliyolazwa na upepo, na upepo wenyewe haupo. Meno ya Kiboko yangeweza kumkata yeyote kati yao vipande viwili. Lakini dhidi ya migongo ile meno hayakuwa kitu.

Kisha akatazama mbali zaidi, kwa sababu kutoka juu huonekana mbali, akaona wingu jeusi kwenye vilima, na chini yake mstari mweupe unakuja kwenye mchanga wa mto. Maji! Hakuna mwingine aliyeyaona.

"Bwana, sema: 'Leo wadogo watangulie, na wakubwa wapige magoti mpaka nitakapowaambia.'"

"Watakubali?"

"Kama huamini, sema uone."

Kiboko akafungua kinywa, haaaaa! "Leo wadogo watangulie! Wakubwa wapige magoti mpaka nitakapowaambia!"

Nyani, Pundamilia, Nyati, wote wakaenda chini, pua mavumbini. Tembo naye akapinda magoti yake, ngoo! Panya, ndege na watoto wa pimbi wakapita katikati ya majitu yaliyolala, wakasafisha tope kwa vijikono, wakachimba, maji yakachipuka, wakanywa. Kijino akanywa mpaka akapiga kwikwi.

"Sasa shuka," Mama Kijino alinong'ona. "Aliyepiga magoti haoni kitu ila ardhi. Mto unakuja. Ingia, wala usigeuke nyuma."

Kiboko akashuka polepole, tii... tii... tii... Mto ukafika, vuuuuu! Chubwi! Akazama.

Ndiyo maana hadi leo kiboko hushinda majini mchana kutwa, pua na masikio tu nje. Anachungulia kama bado wanamtafuta.

Wanyama wakasubiri kuambiwa wainuke. Maji yakawafika viwikoni. Mwishowe Nyani akainua jicho moja, akaona kichuguu kitupu na mto umejaa.

"Mnaona?" alisema kwa sauti inayotetemeka. "Ametuletea maji! Mwenyewe yupo. Ni sisi tu hatumwoni."

"Ameondoka," alisema Mama Kijino. "Yuko mtoni anaoga. Jamani, lile neno mfalme nililitunga mimi. Nilianguka tu!"

Bibi Kobe alimtazama kwa huruma. "Mwanangu, kiu imekuchosha. Kalale."

Na wakakipigia magoti kichuguu. Kila asubuhi, mto ukiwa tele, kila mmoja akiweza kunywa apendapo, walijipanga, wakapiga magoti, wakaimba: *yuko juu, yuko juu!*

Baada ya wiki Simba alipita, manyoya yake yamelowa. Akatafuta mahali pakavu pa kujianika. Akapanda kichuguu, akageuka, akakuta bonde zima limelala chini.

"Kuna nini?"

"Wewe ni mfalme," alisema Nyani, akimpa kata kwa mikono miwili.

"Mfalme anafanya nini?"

"Hafanyi kitu, bwana. Anaonekana."

Simba akapiga mwayo. "Hiyo naiweza."

Siku moja saa za alasiri, Simba akiwa ameenda kuwinda, Mama Kijino alipita njia hiyo na Kijino wake. Kichuguu kilisimama chekundu juani, na mahali palipodondoka lile jasho hapajaota hata jani. Hapakuwa na mtu juu. Hapakuwa na mtu karibu. Mama Kijino alitazama kulia, akatazama kushoto, akaongeza mwendo. Lakini walipofika mbele yake, magoti yake yalijikunja yenyewe.

"Mama," alisema Kijino, "mbona hakuna mtu?"

"Najua."

"Si ulituambia neno mfalme ulilitunga wewe?"

"Nililitunga mimi."

"Sasa mbona umepiga magoti?"

Mama Kijino alitazama juu kule kileleni, palipo patupu, akatazama muda mrefu.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Piga na wewe."

Hadithi yangu imenywa maji, imejifuta mdomo, imekwenda zake. Aliyesikia amesikia, aliyesinzia ameruhusu.

— Na funzo lake, mama?

Funzo lake ni hili: wakubwa walizaliwa juu, hakuna aliyewapandisha, na mdogo hana lake katika mambo ya utawala. Anayebisha akamuulize kiboko. Haya, shukeni hapo kwenye kiti cha baba yenu, mkalale.