Mama na Makumbusho Saba

Wapendwa, kulikuwa na binti mmoja aliyesoma chuo katika mji wa Ulaya, mji wa mifereji na madaraja, ambako ukungu wa asubuhi hukaa juu ya maji hata nyumba zikaonekana kama zinaelea. Mama yake akaja kumtembelea. Kabla ya safari, daktari alikuwa amempigia binti simu: presha ya macho imeshaharibu mishipa, na ifikapo Krismasi mama hataona tena. Binti akaificha habari ile moyoni. Siku ya mwisho ya ziara akaandika orodha: makumbusho saba, kila moja dakika arobaini. Aliapa macho ya mama hayatazimika kabla hayajashiba.

Wakapita kumbi zenye dari za dhahabu. Wakapita malaika wa marumaru, na saa za kale zilizogonga zote pamoja, taratibu, kama mvua inayonyesha mbali. Binti mbele, ramani mkononi. Mama nyuma, akiipapasa njia kwa miguu.

Kila mlango, mama alisimama kwanza. "Hodi!"

"Mama, hapa si nyumbani kwa mtu."

"Na hawa wanaonitazama ukutani?" Akanyooshea kidole picha ya bwana wa kale mwenye kola pana ya mviringo. "Huyu kavaa sahani shingoni! Mkewe alimwacha atoke hivi?"

Binti akacheka kidogo, akatazama saa. "Twende, mama. Tumechelewa dakika sita."

"Tumeingia kwa watu, tusiketi hata kidogo? Watasema hatukufundwa."

"Tutaketi mwishoni."

Ndugu zangu, huo mwisho, ni nani kati yetu anayejua utafika saa ngapi?

Katika makumbusho ya tano, jua la alasiri lilishuka kupitia paa la kioo, likatanda sakafuni kama maziwa yaliyomwagika. Mama akaketi kwenye benchi, akagoma kuinuka. Hata ile picha ya ziwa lililoganda, ambayo binti aliipania kuliko zote, hakuitupia jicho.

"Mama, itazame! Tafadhali. Hujui tu..."

"Najua," mama akasema. "Daktari aliniambia mimi kwanza. Nilinyamaza nisikuvurugie masomo."

Binti akaishusha ramani.

"Mwanangu, sikupanda ndege kuja kuwaona watu wa ukutani. Nilikuja kukuona wewe. Na tangu asubuhi umenionyesha kisogo. Hebu kaa hapa kwenye mwanga, unigeukie."

Binti akaketi, akageuka. Mama akamtazama nyusi, akamtazama kidevu, polepole, kama anayesoma barua ambayo hatairudia. Makumbusho mawili yaliyobaki yakafungwa, nao hawakufika.

Na sisi je? Sisi tunaowajengea wazazi nyumba na kuwakatia bima, halafu tukifika tunasalimia tumesimama, funguo za gari mkononi? Hata Bwana tunamtumikia hivyo hivyo: kwaya, kamati, semina. Tunamkimbilia mbele kwa bidii kubwa, naye anaona migongo yetu tu. Ni lini mara ya mwisho ulipoketi ukamwelekezea uso, bila ombi lolote?

Leo ibada ikiisha msikimbilie mlangoni. Uliyekuja naye yuko hapo ubavuni pako. Mgeukie. Mtazame mpaka akuulize, "Una nini wewe?"