Mjumbe wa Chama cha Amani

Ukame ule ulikausha hata mate ya chura. Anayebisha akaulize mawe. Mbuga nzima likabaki dimbwi moja, nalo likazua ugomvi. Simba alitaka anywe kwanza kwa kuwa ni mfalme, Tembo kwa kuwa ni mkubwa. Kila mmoja akaanza kukusanya jeshi.

Katikati yao palikuwa na shimo la Sungura, na humo mkewe alikuwa amejifungua juzi tu. Pa kuhamia hapakuwapo. Basi Sungura akaunda Chama cha Amani. Wa kwanza kujiunga alikuwa Fisi, tena kwa machozi.

"Ndugu yangu, nikiwaza maiti zitakavyolala pale, usingizi hauji!"

"Miguu unayo," Sungura akamwambia. "Utakuwa mjumbe wetu."

Fisi akawa anapeleka salamu huku na huku, na kila salamu ilipofika, vita vilizidi kusogea.

"Tembo kasemaje?" Sungura aliuliza.

"Kakataa, mwenyekiti. Tumwombee."

Sungura akamtazama vizuri. Wanachama wote walikuwa wamekonda kwa mawazo. Fisi, katika njaa ile, alikuwa amealika wakwe.

Siku ya vita majeshi yakakabiliana. Sungura akasimama katikati.

"Waheshimiwa, chama kimeshindwa. Kazi iliyobaki ni maziko. Muhanga, fundi wetu wa kuchimba, atachimba makaburi ya kina kirefu, na juu tutapanga mawe. Hatabaki maiti hata mmoja juu ya ardhi."

"Mawe ya nini?" Fisi akaruka. "Chama gani hiki cha kufukia chakula cha watu!"

"Chakula gani, Mjumbe?" akauliza Simba.

"Nilikusudia marehemu, Mtukufu."

Tembo akajikuna kichwa kwa mkonga. "Hebu, Simba. Kweli ulisema mimi ni gunia lenye masikio?"

"Mimi? Nilikutumia salamu! Wewe ndiye uliyeniita paka wa jikoni."

"Paka? Nilikuuliza hali ya watoto."

Wakamgeukia Fisi. Fisi akawageukia wakwe; wakwe walishatimua mbio.

Majeshi yote mawili yakamfukuza Fisi mpaka ng'ambo ya milima. Waliporudi, kiu imewakaba, Simba na Tembo wakainamia dimbwi bega kwa bega, wala hakuna aliyekumbuka kuuliza nani aanze. Sungura akangoja wamalize, akamchotea mkewe.

Njia ya mwongo ni fupi.